Mkamwana Asiye na Kazi

Aimkul alikuwa na mwaka wa tatu akiwa mdadisi wa takwimu wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya bonde la Talas na kishikwambi, akiuliza watu kama wana kazi. Siku kishikwambi kilipochagua nyumba yake mwenyewe, alimpigia simu msimamizi wake, Bwana Emilbek, kule mji mkuu, Bishkek.

"Kompyuta ikishachagua imechagua," Emilbek akasema. "Muulize mkuu wa kaya, andika anachosema, usibishane naye. Sauti inarekodiwa. Nimeshafukuza watatu kwa kuchakachua majibu."

Mkuu wa kaya alikuwa mama mkwe wake, Batmakan, ambaye Aimkul alimwita Apa, yaani mama. Alimkuta uani anachambua lundo la maharage. Aimkul akaketi upande wa pili, mkono mmoja ukichambua, mwingine ukibonyeza.

"Apa, mwanao Talgat anafanya kazi?"

"Dereva huyo! Kwani hujui?"

Gari la Talgat, mume wa Aimkul, lilikuwa juu ya matofali tangu mwaka juzi, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Talgat mwenyewe alikuwa amejilaza sebuleni. Lakini mwongozo wa wadadisi, na ulaaniwe, ulisema mwenye kazi aliyesimama kwa muda ahesabiwe yuko kazini.

"Likipona tu anarudi barabarani," Batmakan akaongeza.

Aimkul akabonyeza: anafanya kazi.

"Na mkamwana wako?"

"Yupi?"

"Mimi, Apa."

"Wewe hufanyi kazi."

Aimkul akaimeza hasira kwa sababu sauti ilikuwa inarekodiwa. "Wiki iliyopita hakufanya hata saa moja?"

"Aifanye saa ngapi? Alfajiri anakamua ng'ombe, anapika, halafu kutwa anazurura vijijini na kibao chake, anachokonoa mambo ya nyumba za watu. Akirudi, maharage. Hana nafasi ya kazi, maskini."

"Alitafuta kazi?"

"Nimekwambia hana nafasi! We binti, una masikio?"

Aimkul akabonyeza: hafanyi, hatafuti. Alitamani kukizika kile kishikwambi ndani ya maharage.

"Na wewe mwenyewe, Apa?"

"Mimi na uzee huu? Andika nimekaa tu." Akainuka, akaburuta gunia jingine, akalimwaga.

Wiki hiyohiyo Emilbek alimpigia Batmakan kuhakiki. Mkamwana anafanya kazi? Hafanyi. Na wewe, mama? Nimekaa tu. Majibu yakalandana neno kwa neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea mkoa mzima. Kesho yake Aimkul akaongezewa mkataba wa miaka miwili.

"Ungekuwa mwongo," Emilbek akamwambia, "ungejiandika una kazi."

Akarudi nyumbani hajui acheke au alie.

Baada ya miezi mitatu kaya ileile ilitakiwa kuulizwa tena. Wakaketi palepale, kwenye lundo jingine. Talgat alikuwa bado dereva.

"Na mkamwana wako, Apa?"

"Anafanya kazi!" Batmakan akajibu kwa majivuno. "Yule bwana wa Bishkek alinipigia tena, akaniambia mwenyewe. Mfanyakazi bora, alisema. Mbona hukuniambia?"

Aimkul alifurahi. Miaka mitatu alikuwa akilisubiri neno hilo, nalo limekuja kwa simu ya mwanamume asiyewahi kukanyaga uani kwao. Akabonyeza hivyohivyo.

Batmakan akamgeukia. "Na mimi mara ile uliniandika nini?"

"Umekaa tu, Apa."

Bibi akatazama lundo. Akatazama mikono yake, imejaa vumbi la maharage mpaka kwenye viwiko.

"Futa."

"Ya mara ile haifutiki. Lakini nakuuliza upya: wiki iliyopita ulifanya kazi?"

Kabla hajajibu, sauti ya Talgat ikatoka sebuleni. "Mama! Chai iko wapi?"

Batmakan akaweka mkono mmoja chini ili ainuke, kama alivyoinuka miaka yote. Halafu akaurudisha kwenye maharage.

"Jichemshie!" akapaza sauti. "Mimi niko kazini!"

Aimkul akabonyeza haraka, kabla bibi hajabadili jibu.