Rangi ya mdomo kwenye meno ya gia

Saa mbili asubuhi, Bi Gia anatoa rangi ya mdomo kwenye mfuko wa ovaroli yenye madoa ya grisi. Ni nyekundu pyu. Anaifungua kwa madaha, kisha anaipaka kwenye meno ya gia.

Midomo yake mwenyewe haijaguswa. "Nipake nionwe na nani, mota?" anauliza bila kugeuka.

Fundi huyu amechonga gia za mashine za mtaani kwa miaka kumi na tisa, katika karakana inayolingana na kitanda cha watu wawili. Rangi ndiyo kipimo chake. Anakutanisha gia mbili, anazizungusha kwa mkono, halafu anachungulia doa limehamia wapi. Likikaa katikati ya jino, nguvu itapita vizuri. Likikaa ukingoni, meno yatapiga kelele wee, mwisho yakatike.

Kazi ya leo ni mashine ya kukandia unga ya mwokaji mikate wa mtaa wa pili. Mota yake imelala na mwiko wake umesimama, kwa hiyo inataka gia za pembe, zenye umbo la pia, ili nguvu ikate kona. Gia ndogo ya mota inazunguka mbio, kubwa inafuata polepole. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka.

"Unga mzito hautaki papara," anasema.

Mwenye papara ni mwokaji. Juzi aliibeba ile kubwa begani kwenda kuijaribu, kabla rangi haijafutwa, akafika nyumbani na kola nyekundu. Mkewe alipouliza ni nini, akajibu ni gia. Maskini, ukweli ukamponza kuliko uongo wowote. Tangu hapo analala juu ya magunia ya unga, na mkewe amekwisha kufunga virago arudi kwao.

Bi Gia hajamaliza kusimulia, mke huyo anaingia na shati mkononi. Hasalimu. Nyuma yake yupo mume, mnyonge kama mkate uliokosa hamira.

"Ni wewe?"

"Ni hii," anajibu Bi Gia, akiigonga gia.

Analiomba shati, analitandaza mezani. Anaibiringisha gia yenye rangi juu ya kitambaa kingine kisafi, inaacha mistari mifupi, mipana upande mmoja, myembamba upande wa pili. Anakiweka kitambaa kando ya kola; mistari ni ileile. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Dada yangu, mwanamke gani ana midomo saba iliyopanga foleni?"

Mke anatazama kola, kitambaa, kisha kola tena. Mabega yanaanza kumtikisika. Anacheka hadi anakaa juu ya ndoo ya vyuma chakavu.

"Aliniambia ni gia. Ungekuwa wewe, ungeamini?"

"Nisingeamini. Angekuwa nje mpaka leo."

Mume anamtazama fundi kama wakili aliyehamia upande wa pili.

Saa sita mashine inakanda bila kelele, na mume ameruhusiwa kurudi nyumbani, ila shati afue mwenyewe.

Bi Gia ana mpango wa kununua rangi ya bluu iliyotengenezwa kwa kazi hii, ndoa za wateja zipate kupumua. Kwa sasa anatumia rangi ya mdomo ya waridi, aliyoachiwa na mke wa mwokaji alipokuwa akiaga.

"Gia zetu zipake hii yangu," alimwambia. "Nikiikuta tena shingoni mwake, nijue imetoka nyumbani."