Mkono kutoka Mwanza

Kile chumba cha mbele karibu na stendi ya Ngara sasa kiko kimya. Zamani, ukishuka kwenye basi, ulisikia printa ya Speciose ikikwaruza karatasi, na kabla ya printa ulisikia vidole vyake, vya haraka, visivyosita. Watu bado huja na barua zao za kuombea kazi, husimama mlangoni, hukumbuka, huenda zao.

Wepesi wa vidole vile aliupata kwa wakimbizi. Mwaka 2015, Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka wa Kabanga, yeye alikuwa mmoja wa waliochapa majina yao: jina la mtu, la baba yake, la kilima alikotoka. Aliona herufi moja iliyokosewa ikimtenga mtoto na mama yake kwa wiki tatu. Mumewe, Xavery Ntakirutimana, aliendesha basi lililowapeleka watu hao hao kambini, Kigoma. Kwa mishahara yao miwili walinunua kompyuta, wakaiweka sebuleni, katika chumba kile cha mbele, ikawa ya nyumba nzima. Binti yao Zita alisomea hapo. Frednand, mdogo wake Xavery, alihifadhi humo picha za harusi yake, na alipohamia Mwanza kutengeneza simu aliiwekea programu ya kumwezesha kuiona skrini na kuiendesha akiwa huko huko, mradi modemu iwe imechomekwa.

"Ikikusumbua, shemeji, nipigie tu," alisema. "Nitaingia niitengeneze bila nauli."

Ikawa hivyo mara mbili tatu, kisha jambo likasahaulika.

Xavery alikufa Agosti 2016, kwa homa ya siku nne. Akazikwa Nyakisasa, shambani kwake, kati ya kahawa na migomba. Shamba hilo ndilo pekee alilomwachia Zita. Ukoo ukakaa, ukamteua Speciose kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao kikiisha, watu husaini karatasi ya mahudhurio hapo hapo, kwa kuwa wazee wana njia ndefu. Muhtasari wenyewe huchapwa baadaye, ukabanwa pamoja na sahihi. Ndivyo ukoo wao ulivyofanya siku zote, wala hakuna aliyeona ubaya. Speciose alichapa muhtasari, akaenda kula, akarudi, akatoa nakala, akabana, akafunga bahasha. Nani husoma tena alichokichapa mwenyewe? Na kwa kuwa mjane aliye matangani hazunguki maofisini, Frednand akajitolea kuipeleka mahakamani.

Machi ya mwaka uliofuata alitokea mtu na kamba, akaanza kupima shamba. Alisema anauziwa na msimamizi wa mirathi, Frednand.

Speciose alionyeshwa muhtasari. Maandishi yalikuwa ya printa yake, pamoja na ule mstari mweusi pembeni ambao printa yake ilikuwa na tabia ya kuuacha. Sahihi zilikuwa za wazee. Jina la msimamizi tu ndilo lililokuwa la mwingine, na mahakamani iliaminiwa karatasi, si kumbukumbu za wazee. Wazee wakamtazama kama mtu aliyekuja kikaoni amelewa.

"Umechapa mwenyewe, shemeji," Frednand alimwambia kwenye simu, kwa upole. "Majonzi humchanganya mtu."

Kwa majuma alijiuliza kama ni kweli. Aliamka akijiuliza, akalala akijiuliza. Wizi wa shamba pengine angeusamehe. Siku zile alizoishuku akili yake mwenyewe, hizo hakumsamehe kamwe.

Kisha alasiri moja, alipokuwa anachambua maharage sebuleni, barua yake ya malalamiko kwa mahakama ikiwa wazi kwenye skrini, mshale ukaanza kutembea. Ulikwenda polepole, kama mtu anayepapasa chumbani kwa mwenzake. Ukafika kwenye tarehe. Tano ikafutika, ikaja saba. Speciose alinyoosha mkono kwenye modemu aichomoe. Akaurudisha mkono. Akaendelea kuchambua maharage.

Tangu siku hiyo alimlisha Frednand. Alichapa barua asizokusudia kuzituma, akaziacha wazi, akaenda uani. Akirudi, alikuta kuna kilichoguswa. Alizijua saa za Frednand kama mwindaji anavyozijua saa za mnyama kwenda kunywa maji. Alimpigia simu, akamuuliza hali ya watoto, akacheka naye. Hajawahi kumwonyesha mtu yeyote upendo wa namna ile.

Mwezi wa Juni alichapa muhtasari mpya: ukoo umemwondoa Frednand katika usimamizi. Akauacha wazi kwenye skrini, akampigia kumwambia kwamba anakwenda Rulenge kwenye harusi, atarudi jioni. Sebuleni, mapazia yakiwa yameshushwa, walikaa mama mkwe wake Francisca na Mzee Nduwayo, mwenyekiti wa ukoo, pamoja na wazee wengine wawili.

"Umetutoa Nyakisasa kuja kutazama televisheni isiyo na mpira," Mzee Nduwayo alinung'unika.

"Subiri, baba."

Saa nane na dakika chache mshale ukasogea. Mzee aliinama, akachungulia chini ya meza.

"Nani anausukuma?"

"Frednand. Yuko Mwanza."

"Mwongo wewe." Lakini alivaa miwani. Mama Francisca hakujua kusoma, kwa hiyo mzee alimsomea, sauti ikizidi kushuka. "Palipoandikwa kikao kimemwondoa, amefuta. Anaandika kikao kimemthibitisha. Francisca, mwanao anatusemesha tusiyoyasema."

Speciose akavuta kiti, akachapa chini yake: Frednand, mama yako yuko hapa. Anakuona.

Mshale ukasimama. Kisha herufi zikaja moja moja, na Mzee Nduwayo akazisoma: Shikamoo mama.

Shikamoo ya mtoto haiachwi hivi hivi; hata mwenye hasira huiitikia, japo kwa meno. Mama Francisca alijifunga vizuri kitenge chake.

"Mwambie hakuna mtu," alisema.

Wote wanne walikwenda wenyewe mahakamani, kwa miguu yao, na Speciose akarudishiwa shamba. Desemba Frednand alikuja na mtungi wa pombe ya ndizi. Aliyekosewa akikubali kuchovya mrija wake mtungini pamoja na mkosaji, neno limekwisha. Wazee walimsihi Speciose. Mrija uliwekwa mkononi mwake.

"Kunywa wewe," Speciose akamwambia Frednand. "Mimi nitakutazama."

Akamtazama mpaka mtungi ukaisha. Mrija wake ulibaki mkavu, na kwa kuwa ulibaki mkavu, wazee wakaamua kwamba Frednand asikanyage shamba lile hadi siku utakapolowa. Mama Francisca alipofariki, miaka miwili baadaye, alizikwa hapo kando ya Xavery. Frednand alisimama barabarani, ng'ambo ya migomba ya kwanza, kofia mkononi. Mzee Nduwayo alimwendea Speciose na mrija, akamwambia: ni mama yake Frednand huyo, mwanangu. Speciose hakuupokea; aliinama akachukua udongo, akautupia kaburini, akachukua mwingine.

Sasa chumba cha mbele amekifunga, anaishi Nyakisasa, kwenye shamba hilo la Zita, peke yake.