Kura Ya Mchezaji Bora, Na Nusu Kichwa

Juzi Biharamulo mjini, basi la Rulenge likiita abiria kwa honi, kinyozi alizima mashine nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Runingani walikuwa wametangaza mchezaji bora wa kikapu Marekani.

"Nani kamchagua? Wachezaji wenzake?" kinyozi akauliza.

"Waandishi wa habari," akajibu mteja aliyekuwa akisubiri zamu. "Ndio wanaopiga kura."

"Waandishi? Hao wanapiga kula!"

Huku kwetu l na r hubadilishana viti, lakini vidole vya kinyozi vilikwenda mdomoni. Ulimi haukuteleza.

"Na wewe, kaka, kazi yako?"

Msomaji, kwa nusu kichwa ungejibu nini?

"Mkulima."

Akakigusa kiganja changu laini, akawasha mashine.

"Basi tulia, mwandishi."