Kabla Ganzi Haijashika

Kwa miaka kumi na tisa Genoveva alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho, na kazi aliyoiona kubwa kuliko zote haikuandikwa popote: kushika mkono wa mgonjwa. Anayetolewa mtoto wa jicho halazwi usingizi. Huchomwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, hufunikwa uso kwa kitambaa chenye tundu, kisha huambiwa asitikisike. Ndiyo maana Genoveva huwawahi kabla hawajafunikwa. "Ukisikia maumivu nibane mkono. Usijikaze."

Jumanne moja, katika hospitali yao huko Temeke, wagonjwa walikuwa kumi na wanne na daktari mmoja, Dokta Twaha, kijana mwenye mikono myepesi na haraka nyingi. Ganzi ilitaka dakika kumi ndipo ishike. Yeye aliipa tano. Mara tatu Genoveva alilisema hilo kikaoni, mara tatu akajibiwa kwamba foleni ni ndefu.

Wa tisa alikuwa Bi Somoe, mkaanga vitumbua wa Mtoni, ambaye ukungu wa macho ulishamfanya achovye vidole kwenye mafuta ya moto.

"Mwanangu, inauma?" aliuliza.

"Sindano itakuchoma kidogo, bibi. Baada ya hapo utasikia kuguswa tu."

Dokta alipoanza kuchana, mkono wa Genoveva ukabanwa.

"Dokta, tusubiri kidogo. Anasikia."

"Anasikia kuguswa, sista. Wote huwa hivyo."

Mkono ukabanwa tena, safari hii kucha zikazama. Bi Somoe hakutoa hata mguno. Aliambiwa atulie, na watu wa rika lake wakiambiwa na daktari hutii.

"Dokta, acha. Mgonjwa anaumia."

Dokta Twaha akaweka kifaa chini, akaongeza ganzi bila kumtazama mtu. Wakasubiri, Genoveva macho kwenye saa ya ukutani, mpaka vidole vya bibi vikalegea. Upasuaji ukaisha salama.

Kwenye sinki daktari akamwambia, "Umenivunjia heshima mbele ya wenzetu."

"Mie nilianza kwa upole, dokta. Hukunisikiliza."

Daktari akaagiza aletwe wa kumi, na wa kumi akapewa dakika sita.

Kesho yake asubuhi bandeji ilipofunguliwa, Bi Somoe alitazama dirisha, akatazama ua la kanga yake, akacheka peke yake. Genoveva akafungua daftari la miadi.

"Jicho la kushoto tuliandike baada ya wiki sita, bibi."

"Andika, lakini sitakuja. Hili moja linanitosha kukaangia."

"Safari hii nitasimamia mwenyewe tusubiri."

"Uliniambia nitasikia kuguswa tu, mwanangu."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililomkaa Genoveva rohoni.

Wiki sita zikapita, bibi hakutokea. Simu ilipokelewa na binti yake, Zubeda: mama hataki kusikia habari hizo. Jumamosi Genoveva akaenda Mtoni mwenyewe. Alimkuta bibi kibarazani, kichwa kakigeuza upande ili jicho zima lione chungu cha vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ukae." Akamtilia vitumbua kwenye sahani, kisha akauliza, "Yule daktari bado ana haraka?"

Genoveva alitafuta jibu la kweli ambalo halitamtisha, akalikosa.

"Bado, bibi."

"Basi kula, vitapoa."

Jumatatu Genoveva alimwandikia barua mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akataja tarehe, dakika, na mgonjwa aliyekataa kurudi. Nakala yake iligongwa muhuri kwamba imepokelewa. Hii ni wiki ya tatu, na hakuna aliyemwita.