Jembe la Kwanza

Ernesta ni mke wa marehemu mdogo wangu, Sostenes. Siku hizi anakaa hapa Kaniha, nyumba ya pili kutoka kwangu. Analima mahindi na mihogo, na kila Ijumaa anapeleka dagaa Lusahunga kuwauzia madereva wa malori. Ukimpita njiani atakusalimia vizuri, hataongeza neno. Watu wanasema ana kiburi. Waongo hao. Kabla ziwa halijapanda, mwanamke huyu alikuwa na mdomo. Angekutania mpaka ukaaga bila kumaliza chai.

Alizaliwa mwaloni, kule ufukweni wanakoshushia samaki, akaolewa mwaloni, akaanika dagaa pale miaka thelathini. Maji yalipoanza kupanda hakulialia. Kwanza alihamisha jiko, kisha choo. Chanja za dagaa akaziwekea nguzo ndefu. Wenzake wakamcheka kwamba anawaanikia ndege, na haukupita mwezi, wote wakaja kumwuliza miti ile aliikata wapi. Mtendaji alipotangaza watu wasogee juu, yeye alikuwa ameshasogea mara mbili.

Aliyebaki chini ni Sostenes. Tulimzika migombani, nyuma ya nyumba yao ya kwanza. Sasa, kwetu kaburi halifukuliwi hivi hivi. Jembe la kwanza analipiga mkubwa wa ukoo. Asipolipiga yeye, hakuna mkono mwingine unaogusa udongo ule, hata wa mke, hata wa mtoto. Mkubwa wa ukoo ni mimi.

Basi Ernesta akaja huku Kaniha, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba jembe. Maji yamebakiza hatua arobaini. Nataka tumtoe mwenzangu, tumlete huku juu."

Nikamwambia asubiri. Miaka ile ya uhuru, nikiwa mtoto, ziwa lilipanda vilevile, na baba akatuhamishia huku. Baadaye likarudi, na kaburi la babu tukalikuta palepale, limeota nyasi tu. Jirani yetu mmoja alikuwa amemfukua baba yake kwa haraka. Watu walimsema mpaka anaingia kaburini, eti alimkimbiza mzazi wake kama mwizi wa kuku. Mimi sikutaka kusemwa. Huo ndio ukweli, mengine yote ni mapambo.

"Litarudi," nikamwambia.

"Hatua arobaini, shemeji."

"Nimekusikia."

Akaja tena mwezi wa nne. Zilikuwa zimebaki hatua kumi na mbili. Nikasema tuvune kwanza. Safari hiyo hakubishana. Alikunywa chai, akaniuliza hali ya goti langu, akapanda bodaboda akaondoka. Angenitukana ningeshtuka, maana matusi yake niliyazoea. Ule upole niliuchukulia kuwa amekubali. Mzee mzima, kichwa kigumu, na ndani yake hamna kitu.

Mwezi wa tano ikaja mvua na upepo wa siku nne. Mimi nilikwenda mwaloni mwezi wa sita, jembe begani. Nilimkuta yeye na mwanawe Danstan wanang'oa mabati ya nyumba ya tatu. Nikauliza migomba iko wapi. Ernesta alivua kandambili akaingia majini, nami nikamfuata, mpaka maji yakatufika kiunoni. Akasimama, akawa anapapasa chini kwa mguu.

"Ni hapa," akasema.

"Una hakika?"

"Nasikia mawe tuliyompangia."

Nilisimama pale na jembe langu. Nilijua napaswa kulia, kwa kuwa Sostenes nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Hakikuja kitu. Nilimtazama Ernesta, na yeye vilevile, anatazama maji tu kama mtu anayesubiri uji upoe. Mtumbwi wa injini ukapita mbali, mawimbi yake yakatufika kifuani. Tukatoka.

Nilimpa kiwanja, akajenga kwa mabati yaleyale. Nikamfundisha kupanda mihogo, akajifunza upesi kuliko wanangu. Lakini usingizi ulinikataa. Majuto ni mjukuu, na wangu nilikuwa nimeshampakata.

Mwezi uliopita nikakata shina la mgomba. Kwetu mvuvi akizama asionekane, huzikwa shina la mgomba badala yake, wafiwa nao wapate kaburi la kupalilia. Nililibeba mwenyewe, na goti hili bovu, mpaka kwa Ernesta. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwonyesha mahali nilipotaka kuchimba, kando ya nyumba, penye kivuli.

Hakuinua macho.

"Mgomba ni wa mtu aliyepotea," akasema. "Sostenes hakupotea, shemeji. Nilikuja nikakwambia alipo, mara mbili."

Nikasema ni kweli. Akanisogezea kigoda, nikaketi, tukapukuchua mahindi mpaka jioni. Lile shina lililiwa na mbuzi wake.