Stamena na Korongo Aliyesimama

Kila Machi inapoingia, Stamena hujifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, kama afanyavyo kila mtu kijijini Gorna Lakva, wala haufungui mpaka amwone korongo wa kwanza, ndipo huufunga mtini. Akimwona anaruka, miguu yake itakuwa myepesi mwaka mzima. Akimwona amesimama, mwaka wote atashinda kitako kama gunia la viazi. Wapo wasomi wanaolicheka jambo hili. Waache wacheke, hao hawajavunjika nyonga.

Stamena alivunjika Januari, alipoteleza kwenye barafu kisimani. Mfupa uliunga, daktari akamwambia ayaache magongo. Hakuyaacha. Mwanamke aliyewapikia watoto wa shule miaka chungu nzima, wima mbele ya masufuria, sasa aliogopa kuvuka lango lake mwenyewe. Moyoni alikwisha kuamua: korongo ndiye atakayesema kama atatembea tena.

Asubuhi moja mumewe, Gancho, alirudi na mkate, akafunga mapazia yote.

"Kuna msiba?" Stamena akauliza.

"Jua linachoma."

"Jua la Machi? Hata barafu ya kisimani limeishindwa."

Siri ilitobolewa na jirani yao Pena, kwenye dirisha la jikoni. "Shoga, usitoe kichwa. Yuko juu ya dohani ya tanuri la mikate, kasimama mguu mmoja kama mlinzi wa benki."

Stamena akacheka, kisha akarudi nyuma ya pazia. Dohani ile huonekana kutoka kila kona ya kijiji. Siku zikapita, naye akawa mfungwa wa ndege.

"Mama Iliya, vaa viatu," Gancho akamwambia mkewe hatimaye. "Twende bondeni, wanakopita kwa makundi."

"Na dohani?"

"Utatazama chini. Mimi nitakuwa macho yako."

"Macho yenyewe yaliyotia chumvi kwenye kahawa jana."

"Ndiyo hayo hayo. Mengine sina."

Akamfunika mtandio hadi kwenye nyusi, wakatoka. Mzee mmoja akawatania kutoka kibarazani: "Gancho, unampeleka ng'ombe mnadani?"

"Nampeleka bibi harusi. Wewe kaa na wivu wako."

Kwa kuwa alikuwa akitazama chini, Stamena aliona. Kando ya ua, vijiua vyeupe vilikuwa vimeitoboa theluji ya mwisho, vimeinamisha vichwa kama yeye. Mbele ya mtaro palikuwa na maua ya urujuani, halafu zafarani mwitu, imetawanyika majanini kana kwamba mtu alimwaga rangi akakimbia. Majira yake yote ya kuchipua yalikuwa yamepita nyuma ya mvuke wa supu. Akamkabidhi Gancho gongo moja ili apate kuinama na kunusa.

Kivuli kikapita juu ya maua. Kikafuata kingine.

"Sasa," Gancho akasema. "Inua uso."

Makorongo walikuwa wakizunguka juu, wengi, wakipanda na hewa yenye joto bila kupiga bawa. Wametoka kusini ya mbali, wamevuka jangwa na bahari, na hawakuomba ruhusa kwenye mpaka wowote. Stamena alilia kidogo. Kisha akaufungua uzi, akaenda kwa gongo lake moja hadi kwenye mplamu mwitu uliochanua, akaufunga tawini.

"Na wako uko wapi?" akauliza.

"Nimeshaufunga. Kwenye mti wa mwoka mikate."

Stamena akageuka. "Ulimwona amesimama."

"Kama mlinzi wa benki. Ilibidi mmoja wetu atangulie kutazama."

"Basi mwaka huu utakaa tu."

"Nitakaa. Wewe utachota maji."

Stamena alimtazama yule mzee aliyeubeba mwaka mbaya ili yeye apate mzuri. "Mungu akuweke, Gancho," akasema, akamtia mkononi gongo la pili. "Shika. Utalihitaji kuliko mimi."

Akatangulia kurudi nyumbani, polepole, akichagua pa kukanyaga asije akayaponda maua.