Vishimo Tumboni mwa Ndege

Miaka ya vita vya shifta, serikali ya Kenya ilipopigana na waasi wa Kisomali, nilikuwa mwalimu Garissa, mtu wa bara, na burudani yangu ilikuwa kuunganisha ndege ndogo za plastiki. Sehemu zake hutoka kiwandani na vishimo vinavyoachwa na kalibu inayozipa umbo, na vibaya zaidi hukaa ndani ya tundu la magurudumu, mahali ambapo kidole hakifiki. Niliviziba kwa plastiki iliyoyeyushwa katika gundi, nikiisukuma kwa mwiba wa mgunga. Walimu wenzangu walinicheka: nani atachungulia huko?

Mchana mmoja alichungulia askari. Yeye na wenzake walikuwa wakipekua nyumba kwa nyumba, wakiwasaka shifta. Akaipindua ndege yangu, akaona kiraka ambacho hakijakauka.

"Umeficha nini humu?"

"Vishimo tu, afande."

Jibu la kijinga hilo! Akaivunja gotini. Ndani hamkuwa na kitu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtajia kwetu bara, akacheka, akanirudishia vipande. "Pole, mwalimu."

Kisha nikamsikia kwa jirani yangu, mama wa Kisomali aliyetuuzia maziwa, akiuliza swali lile lile: kwao ni wapi. Huko sikusikia kicheko.